Ukurasa wa Thelathini na Tatu

Msomaji mmoja ameniandikia barua kupitia gazeti hili. Anasema kila wiki nawalaumu wakubwa, na kwamba mtu akishakufa amekufa, heri nitulie. Barua nimeisoma mara mbili, nikaikunja vizuri. Situlii.

Kwa aliyechelewa kunifuata, mimi ni Tokuji, fundi wa kiwanda cha kufuma, sasa mstaafu. Shule niliiacha nina miaka kumi na mitano. Mke wangu Sumie aliugua mapafu. Waheshimiwa wa wilaya yetu walikwisha kaa kikao wakaihamishia wodi ya mapafu mji wa tatu kutoka kwetu, eti kubana matumizi. Mwezi wa kwanza theluji ikashuka, gari la wagonjwa likatumia saa moja na nusu njiani. Sumie hakungoja.

Wiki iliyopita nilieleza nilivyofungua droo ya cherehani yake nikakuta daftari la mihuri.

Daftari lenyewe ni karatasi moja ndefu iliyounganishwa kwa gundi na kukunjwa mara nyingi. Ukilifunga linaingia mfukoni, ukilivuta linakuwa refu kama kitambaa. Katika kila hekalu la Kannon, mama wa huruma, ukishasali wanakuandikia ukurasa mmoja kwa brashi na wino, wanapiga muhuri mwekundu, wanatia tarehe. Mahekalu ya mzunguko wetu ni thelathini na matatu. Sumie alikuwa ametembelea thelathini na mawili kwa miaka sita, peke yake. Mimi mumewe nilidhani anakwenda kwa dada yake.

Lililobaki liko mji wa Kanazawa.

Na siku ninayoisimulia leo, kesho yake ilikuwa siku ya arobaini na tisa tangu afariki. Saa nne kamili asubuhi mifupa yake iliyobaki baada ya kuchomwa mwili ingetoka kwenye rafu ya sebuleni kwenda kaburini, na daftari liingie pamoja nayo. Kwetu marehemu hulionyesha huko aendako. Nani anataka mkewe asimame langoni na ukurasa mmoja mtupu, aambiwe karatasi zake hazijatimia, arudi? Hospitali walimwambia hivyo mara tatu. Nikasema mara ya nne haitakuwepo.

Basi nikapanda basi la asubuhi na Kihachi.

Kihachi Togashi tumefanya kazi naye chumba kimoja cha mitambo miaka thelathini na moja. Masikio yake ni mabovu kama yangu, kwa hiyo tukiongea watu hudhani tunagombana. Nilimwambia twende hekaluni, tuandikiwe, turudi. Akasema sivyo. Sumie kila safari alikuwa anatoka nyumbani na kiazi kilichochemshwa kwenye leso, anarudi na njaa yake. Leo lazima atembezwe mjini kama mke wa watu.

"Toku, bwana wee, daftari si ndilo yeye? Basi shemeji anatembea leo. Acha kununa, utamharibia siku."

Nikamfuata.

Mvua ilikuwa inanyesha, na Kanazawa wana msemo kwamba chakula cha mchana sahau, mwavuli usisahau. Kihachi alisahau mwavuli. Chakula hakusahau hata kidogo. Kabla ya saa tano tulikuwa sokoni, tumekaa kwenye viti virefu mbele ya kaunta, na yeye ameagiza mabakuli matatu ya wali na kaa. La tatu akalisogeza mbele ya daftari. Muuza chakula akatazama daftari, akatutazama sisi, akaongeza kipande cha tangawizi bila kuuliza kitu. Yule nampa heshima yake. Watu wa chini huelewa haraka.

Tukangoja kwa adabu. Kisha Kihachi akalivuta bakuli upande wake.

"Anasema ameshiba," akaniambia, akala.

Tukaenda bustanini. Misonobari yote ilikuwa bado imefungwa kamba za majira ya baridi, zimeshuka kutoka kwenye nguzo kama mwavuli usio na kitambaa, ili theluji isivunje matawi. Kihachi akamwuliza mtunza bustani kila mti unahudumiwa na watu wangapi. Akajibiwa kwamba ule mkubwa huhitaji watano, siku nzima, kila mwaka.

"Watano," Kihachi akanigeukia. "Sisi kule kwetu hatuna hata nesi."

Yule mtunza bustani akashusha macho. Hakuwa na kosa. Lakini nilikaa nikiutazama ule mti, umeshikiliwa kila tawi, na mke wangu nilimshikilia kwa mikono miwili tu.

Tulipofika kwenye ngome ya kale ya mji nilikuwa nimelowa, tumbo linanisumbua. Nikamwachia Kihachi daftari, nikaenda msalani.

Nirudipo namkuta anapepea daftari wazi, analikausha kwa kofia yake ya kuvulia samaki. Uso umemng'aa. Pale mlangoni huwa wanaweka meza yenye muhuri wa mpira na kidau cha wino, watalii wapige wenyewe, bure. Kihachi akafungua daftari la Sumie. Ukurasa uliobaki kwa ajili ya hekalu la mwisho akauruka, kwa adabu zote. Akapiga kwenye ule unaofuata.

Ilikuwa picha ya jemadari mnene wa katuni, kofia ya vita imemziba macho, mashavu kama maandazi.

"Nimemwongezea shemeji," akasema. "Sasa ana na ngome."

Sasa naungama, na wanaosema nalaumu wengine tu wasome vizuri hapa. Sikukasirika. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Nikamwambia yale mashavu Sumie angeyapenda, ni mashavu ya kaka yake. Muhuri ni muhuri, nikasema. Yote myekundu.

Wazee wawili, na hakuna hata mmoja aliyejua alichofanya.

Hekalu liko upande wa pili wa mto, juu ya mlima. Tulipanda ngazi pole pole, tukafika yapata saa tisa na nusu. Tukanawa mikono, tukasali, nikawasha uvumba. Kihachi alisali kwa sauti kubwa kwa ajili ya masikio yake. Kisha tukaenda kwenye dirisha la mihuri.

Dirishani alikuwa mama mmoja wa makamo, kitambulisho chake kimeandikwa Ayabe. Akalipokea daftari kwa mikono miwili. Akasema thelathini na mawili, hongera, si wengi wanaofika. Nikamwambia si langu, ni la marehemu mke wangu, na kesho mifupa yake inazikwa. Akainama, akasogeza kidau cha wino, akachovya brashi.

Kisha akafungua kupima karatasi iliyobaki, akamwona jemadari.

Brashi akairudisha. Akavua miwani, akaivaa. Akauliza kwa sauti ndogo muhuri huu umeingiaje humu. Kihachi akamweleza kwa furaha kwamba ni wa ngomeni, ulikuwa bure.

Mama Ayabe akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni ya dirisha. Imeandikwa kwa herufi ndogo kwamba daftari lililopigwa mihuri ya watalii limegeuzwa kitu cha kuchezea, na hekalu halitaandika ndani yake. Miwani yangu nilikuwa nimeiacha kwenye basi. Lakini hata ningekuwa nayo. Mambo ya wakubwa huwa yamebandikwa siku zote. Ukishaumia ndipo unaonyeshwa yalipo.

Nikamwomba amwite mkuu wake.

Akatoka mkuu wa hekalu. Kijana kwangu, hajafika hamsini, kucha safi, miwani ya fremu ya dhahabu. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema anasikitika kwa msiba wangu, ila muhuri wa hekalu ni ushahidi wa sala, si kumbukumbu ya matembezi. Akiandika kwenye daftari moja lililochafuka, atawaambia nini wale aliowarudisha?

"Waambie mke wangu alitembea miaka sita," nikasema.

"Ni nani aliyepiga muhuri huu?"

"Mimi."

Kihachi akanitazama. Akamtazama mkuu. Kisha yule mzee, goti bovu, suruali imelowa, akapiga magoti pale kwenye kokoto, akateremsha paji la uso mpaka chini.

"Mheshimiwa, huyu anadanganya. Ni mimi, mkono wangu huu. Nilidhani namfurahisha. Niadhibu mimi, shemeji mwandikie."

Waliokuwa nyuma yetu kwenye mstari wakaanza kutazama viatu vyao. Mkuu akamwomba Kihachi ainuke, akasema hakuna haja ya kufanya hivyo mbele za watu. Nikaona kilichomuuma si kokoto alizoinamia Kihachi. Ni watu.

Akaingia ndani, akarudi na mkasi.

Akasema, kwa upole kabisa, kwamba njia ipo. Ukurasa wa jemadari ukatwe, kurasa ziunganishwe tena kwa gundi, daftari litakuwa safi, ataliandika kwa mkono wake mwenyewe. Ila ni sasa hivi, maana dirisha hufungwa saa kumi. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika sita.

Kihachi, bado yuko chini, akaniambia kata.

Nikaushika mkasi. Nikageuza ukurasa nione wapi pa kuanzia.

Mnakumbuka nilisema daftari ni karatasi moja iliyokunjwa. Sumie alijaza upande wa mbele mpaka mwisho, akaligeuza, akaendelea nyuma. Kwa hiyo mgongoni mwa jemadari kulikuwa na muhuri wake mwingine. Hekalu la kumi na tano. Ukikata mmoja unakata wote wawili. Napata la thelathini na tatu, napoteza la kumi na tano. Langoni bado pungufu.

Nikaisoma tarehe, kwa kuisogeza mbali na macho. Tarehe kumi na tatu mwezi wa tano, mwaka ule tulipotimiza miaka arobaini ya ndoa.

Siku ile nilikuwa kwenye mbio za baiskeli nikicheza kamari, na Kihachi alikuwa pembeni yangu. Niliondoka asubuhi bila kukumbuka. Nilirudi jioni, akanipa supu, nikamwuliza leo umeshindaje, akasema nilikwenda kwa dada. Kumbe alikuwa amekwenda kumsalimia Kannon peke yake, siku ya kumbukumbu ya harusi yetu, halafu akarudi akanipashia supu.

Na nitasema hapa jambo ambalo hata Kihachi hajalijua mpaka atakaposoma gazeti. Nilitamani kukata. Si kwa ajili ya muhuri wa mwisho. Nilitamani ile tarehe isiingie kaburini. Niliona mkuu wa hekalu amenipa ruhusa, tena kwa jina la usafi, kuondoa siku yangu mbaya kuliko zote, na nani angeniuliza? Mkasi ulikuwa tayari umeng'ata ukingo wa karatasi.

Ndipo mama Ayabe akasema, akitazama wino wake badala ya kunitazama mimi.

"Mwenye daftari hili nilimwona."

Mkuu akamwambia wakati si huu.

Akaendelea hivyo hivyo, sauti chini. Alisema ilikuwa mwezi wa kumi, mvua kama hii. Mama mwembamba, anakohoa, daftari kalifunga kwenye nailoni ili lisilowe. Alipanda ngazi akipumzika kila baada ya chache, na alipofika dirishani ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Wino ulikuwa bado haujakauka. Ayabe akachukua brashi.

"Nikaambiwa saa ni saa," akasema. "Nikafunga. Yeye akaniinamia mimi, akasema amechelewa kwa kosa lake, atarudi."

Kihachi akainuka kutoka kwenye kokoto.

Mimi nilikuwa nakumbuka jioni ile. Alirudi amelowa mpaka mfupani, akalala siku nne. Nilimgombeza. Nilimwambia dada yako hana hata mwavuli wa kukuazima?

Nikauondoa mkasi kwenye karatasi. Nikauweka kwenye kaunta, makali upande wangu.

"Sikati," nikasema. "Andika."

Mkuu akasema amekwisha nieleza. Nikamwambia na mimi namweleza. Mke wangu alifika hapa kwa miguu yake, mapafu yake yakiwa yamebaki robo, akasali, akasimama hapa nilipo mimi. Huo ushahidi wa sala anaoutafuta ndio huo, na shahidi ni mfanyakazi wake mwenyewe. Kilichokosekana ni dakika kumi za mtu mwenye ufunguo.

Akasema angemhurumia mmoja ingebidi awahurumie wote. Nikamwonyesha kwa kidole sanamu la Kannon nyuma yake, lile lenye mikono mingi, nikamwuliza anadhani ile mikono yote ni ya nini.

Mtu mmoja kwenye mstari akacheka. Hapo ndipo uso wa mkuu ulipobadilika.

Akasema basi mazungumzo yamekwisha. Daftari lililonajisiwa, tena mwenyewe hataki kulisafisha, halifai hata kuingia kaburini. Litabaki hekaluni, na mwisho wa mwezi litachomwa kwa sala pamoja na hirizi kuukuu, kama desturi ilivyo. Alisema ni kwa heshima ya marehemu. Akaweka mkono juu yake.

Wanasema mwenye nguvu mpishe. Nimepisha miaka sabini na miwili. Nilimpisha msimamizi wa kiwanda, nikawapisha waheshimiwa wa wilaya na kikao chao, nikampisha daktari aliyetaka karatasi nyingine. Kila nilipopisha, aliyepita alipita juu ya Sumie.

Nikaudaka upande wa pili wa jalada.

Yeye akavuta kwake, mimi nikavuta kwangu, na daftari likafunguka lote juu ya kaunta kati yetu, mkunjo baada ya mkunjo, mahekalu ya Sumie yamelala wazi, na ya upande wa pili yakijitokeza kwa wino uliopenya karatasi, meusi na mekundu, miaka sita ya miguu yake. Sikuwa nimewahi kuyaona yote kwa pamoja. Yalikuwa marefu kuliko mimi.

Kengele ya saa kumi ikalia. Mlinzi akaja kuvuta dirisha. Kihachi akakunja kofia yake iliyolowa akaisukumiza kwenye njia ya dirisha, likakwama nusu.

"Shemeji bado anahudumiwa," akamwambia.

Mkuu akamwamuru Ayabe apige simu polisi. Ayabe hakugusa simu. Alikuwa ameshika brashi, imejaa wino, ameinua mkono juu ya ule ukurasa mtupu, na ukurasa unatetemeka kwa sababu wanaume wawili wanauvuta. Akaniambia, kwa mara ya kwanza akinitazama machoni, nitulize mkono.

"Bi Ayabe," mkuu akasema. "Ukiandika, usije kesho."

Tone la wino likaning'inia kwenye ncha ya brashi.

Na mimi, niliyeunga nyuzi zilizokatika miaka thelathini na moja, nikasikia chini ya vidole vyangu kitu ambacho wao hawakukisikia. Katikati ya hekalu la kumi na tano na la kumi na sita, gundi ya zamani ilikuwa inaachia, daftari linataka kukatika vipande viwili.

Mimi sikuachia.